Nilimwambia Hatuna

Kitabu kilikuwa mahali pake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ilikuwa asubuhi, kabla hatujafungua milango, na mimi nilikuwa narudisha vitabu vya kilimo kwenye rafu, toroli mbele yangu. Kila mada ina namba yake ya rafu. Mbuzi, 636.39. Kuku, 636.5. Nikasogeza vitabu viwili vitatu ili nipate nafasi, na pembeni, pale 638.1 inapoanzia, nikaona kijitabu chembamba kimebanwa katikati ya vinene. Nikakivuta. Jaladani palikuwa na picha ya mzinga wa sanduku umetundikwa mtini, na jina la kitabu lilikuwa na neno mzinga katikati yake.

Nikafungua ndani kuangalia karatasi ya tarehe. Mhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Maana yake hakuna aliyekuwa amekiazima. Kilikuwa hapo siku zote.

Wiki tatu kabla ya asubuhi hiyo, mzee mmoja alisimama mbele ya kaunta yangu akaniuliza kama tuna kitabu cha mizinga ya kisasa. Nikaandika neno moja kwenye kompyuta, nikatazama, nikamjibu, "Hatuna, mzee wangu." Akasema, "Haya mwanangu, ahsante." Akavaa kofia yake, akatoka. Mazungumzo yetu hayakufika dakika moja.

Kutoka kaunta hadi rafu ile ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

## Herufi moja

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta nikiwa bado na kijitabu mkononi. Nilitaka kujua nilikosea wapi. Nikaandika neno lile lile nililoandika siku ile, mizinga. Hakuna kitu. Nikaandika nyuki. Vikaja vitabu viwili, vyote hadithi za watoto. Nikaandika mzinga.

Kikaja.

Mzee aliuliza kwa wingi, kitabu kimepewa jina kwa umoja, na mashine haijui kwamba mzinga na mizinga ni ukoo mmoja.

Kila mkutubi anaijua ile alama ya nyota. Unaandika mwanzo wa neno, unaweka nyota, na mfumo unakuletea kila neno linaloanza hivyo, liishie litakavyo. Kwa Kiingereza ni dawa nzuri, kwa sababu Kiingereza hubadilisha maneno yake mkiani. Kiswahili hubadilisha kichwani. Mti, miti. Chakula, vyakula. Ugonjwa, magonjwa. Mfugaji, wafugaji, ufugaji. Weka nyota mwishoni mwa mti uone kama utapata miti. Na ukiandika jino, meno hayaji hata ukeshe.

Nilikaa pale hadi walinzi wakaanza kugonga mlango wakiuliza kama leo hatufungui. Nilikuwa najaribu neno baada ya neno. Anayetafuta kuku, mbuzi, nyumba au ndizi kwenye katalogi yetu, yaani orodha ya vitabu iliyo kwenye kompyuta, yuko salama, maana maneno hayo ni yale yale yakiwa moja au mia. Anayetafuta miti, vyakula, magonjwa, mikopo au mirathi anategemea bahati. Mwenye kuku amehudumiwa vizuri kuliko mwenye miti, miaka yote hii, kwa sababu ya ngeli.

Nimefanya kazi ya ukutubi miaka 11. Kiswahili nimezaliwa nacho. Ngeli nilichapwa viboko kwa ajili yake shule ya msingi. Sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja.

Nikafungua rekodi yenyewe ya kijitabu kile. Kichwa cha mada, yaani maneno rasmi yanayosema kitabu kinahusu nini, kilikuwa kimoja tu: Bee culture. Ndivyo orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani inavyouita ufugaji wa nyuki, na orodha hiyo ndiyo inayofuatwa na maktaba nyingi duniani, yetu ikiwemo. Hata mtu anayejua Kiingereza chake akiandika beekeeping, hapati kitu kwetu. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wanaotundika mizinga kwenye miombo ya huku kwetu, na mlango wake wa mada tumeuandika kwa lugha ambayo hao watu hawaiwazi wakiwa na shida.

Wala sina wa kumlaumu. Rekodi ile ina herufi za mwanzo za jina la aliyeiandaa. Ni zangu.

## Folda ya vyeti

Kuna jambo sijalisema. Jioni ya siku ile ile aliyokuja mzee, nilipokea cheti. Yalikuwa mafunzo ya mtandaoni ya wiki nne, na mada yake ilikuwa namna ya kutambua mahitaji ya msomaji. Nilipata alama 92. Nikakiweka kwenye stetasi, watu wakanipongeza, nami nikafurahi kwa dhati.

Kwenye simu yangu kuna folda inaitwa Vyeti. Siku ile ilikuwa na vyeti 17. Cha kwanza ni cha mwaka 2020, shule zilipofungwa na mikutano ya taaluma zote ikahamia mtandaoni. Ghafla mkutubi wa wilayani, ambaye nauli ya kwenda warsha Dar es Salaam ni vita, akaweza kukaa darasa moja na wenzake wa Accra na Nairobi kwa gharama ya bando. Nilisoma usiku, bando la usiku likiwa rahisi, simu iko kwenye chaja na mtoto amelala ubavuni.

Siyajutii mafunzo yale. Koha, mfumo wa katalogi tunaoutumia, niliuelewa kwenye video na si kwa mtu. Ulizaliwa New Zealand, ukaanza kazi Januari 2000, unatolewa bure, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Programu ya Zotero ilinisaidia kuwafundisha wanafunzi wa vyuo kupanga marejeo yao. Kupitia Hinari, huduma ya mtandaoni ya makala za afya iliyo ndani ya mpango wa Research4Life, nimewahi kumpatia tabibu makala ya kitaalamu ambayo angelipia kwa dola. Hayo ni ya kweli na nayashukuru.

Lakini Jumapili moja, kijitabu cha nyuki kikiwa bado kinanizunguka kichwani, nilichukua karatasi nikachora mstari katikati. Kushoto nikaorodhesha mafunzo yote 17. Kulia nikajiambia niandike kitu kimoja nilichokibadilisha kwenye kaunta baada ya kila funzo. Kitu ambacho msomaji angekiona.

Kulia nilijaza mistari mitano.

Kumi na miwili ilibaki mitupu, na mmojawapo ulikuwa wa yale mafunzo ya alama 92.

## Mambo 23

Kwa siku kadhaa nilisoma chochote nilichokipata kuhusu namna wakutubi wanavyojifunza wakiwa kazini. Nikakutana na habari ambayo wengi wenu huenda mnaijua, mimi ilinifikia kwa kuchelewa sana. Mwaka 2006, kwenye maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, Marekani, mkutubi aitwaye Helene Blowers aliwapa watumishi wote mambo madogo 23 ya kujaribu kwenye intaneti kwa wiki tisa. Fungua blogu. Pakia picha. Jaribu hiki, jaribu kile. Hakukuwa na mwalimu wa kusimama mbele. Aliyemaliza alipewa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Wazo likasambaa, maktaba za nchi nyingi zikalichukua, na mwaka 2011 wakutubi wa Uingereza wakalitengeneza upya kwa ajili ya kukuza taaluma yao wenyewe.

Nilipofungua kurasa za zamani nilikata tamaa. Zana nyingi walizofundishwa hazipo tena. Google Reader ilifungwa Julai 2013. Nyingine zimeuzwa, zimebadilishwa majina, viungo vyake havifunguki. Nikawa nimeshaweka kidole kufunga ukurasa.

Kilichonizuia ni maandishi ya watumishi wenyewe. Baada ya kila jambo walitakiwa kuandika limewaachia nini, na jambo la 23, la mwisho kabisa, lilikuwa kuandika safari nzima. Basi wapo walioandika kwamba hawakuelewa. Wapo waliosema wamejaribu na hawaoni watakitumia wapi, halafu wiki mbili mbele wanarudi na kusema leo msomaji kaniuliza, nikakumbuka. Watu nisiowajua, wa bara jingine, wanajihoji juu ya kaunta inayofanana na yangu. Hayo yote bado yanasomeka.

Nikarudi kwenye folda yangu na kujiuliza ni mafunzo mangapi yaliyowahi kuniomba niandike sentensi moja kwa maneno yangu. Mawili. Mengine yote yaliniomba nichague A, B, C au D, na mimi ni hodari wa kuchagua.

## Swali nililoliruka

Tangu chuoni nimesikia jina la Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 kwamba mtaalamu hutafakari akiwa ndani ya kazi na hutafakari tena kazi ikishapita. Nimesikia pia duara la Gibbs, la mwaka 1988, lenye maswali sita. Nini kilitokea? Ulijisikiaje? Kipi kilikuwa kizuri na kipi kibaya? Kwa nini? Ungeweza kufanya nini kingine? Safari ijayo utafanyaje? Nilikuwa naweza kulichora duara hilo kwenye mtihani nikiwa nimefumba macho. Kulitumia juu yangu mwenyewe, hapana, sijawahi.

Nikafungua ukurasa mpya kwenye simu, nikaandika kuhusu mzee. Swali la kwanza lilikuwa rahisi. La pili nikaliruka. Nililiona la kitoto. Hisia zangu zinahusiana nini na katalogi? Kwenye la nne nikaandika kwa kirefu habari ya umoja na wingi, habari ya vichwa vya mada kwa Kiingereza, nikaweka na mifano. Niliporudia kuyasoma niliridhika. Nikadhani nimemaliza.

Siku nne baadaye alikuja kijana wa chuo, nadhifu, begi la kompyuta mgongoni, anatafuta kitabu cha takwimu. Neno la kwanza halikuleta kitu. Nikajaribu la pili. Nikajaribu la tatu, nikamuuliza anataka kukifanyia nini, nikajaribu la nne. Nikainuka nikaenda naye hadi kwenye rafu. Alipata alichotaka, akanishukuru, nami nikageuka kurudi kwenye kiti changu.

Nikasimama katikati ya ukumbi.

Mzee nilimtafutia mara moja.

Usiku ule nilirudi kwenye swali la pili nikaliandikia ukweli. Mzee alivaa mabuti ya mvua yenye udongo mkavu. Kofia ameishika kwa mikono miwili. Mama wa usafi alikuwa ametoka kupiga deki dakika tano zilizopita, na nilipouona ule udongo unadondoka nilichokitaka ni aondoke. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu kapotea, anatafuta ofisi za kilimo. Alipotaja kitabu sikumsikia sawasawa. Niliandika neno moja ili niwe nimeandika neno, nikapata jibu nililokuwa nimeshaliandaa.

Baba yangu alivaa mabuti kama yale hadi mwaka aliofariki. Udongo wa kwenye mabuti yake ndio ulionilipia ada.

Nililia kidogo. Nayaandika haya kwa sababu nilitaka sana makala hii iwe ya umoja na wingi tu. Ingekuwa makala safi, ningeiweka kwenye kundi la wakutubi na wangenipongeza. Ila kosa la mashine lilikuwa nusu ya jambo. Kijana wa takwimu naye alikutana na mashine ile ile, na yeye aliondoka na kitabu.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni zake tano mwaka 1931, na ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake. Nimeijibia mitihani kanuni hiyo. Nimeibandika ukutani nyuma ya kaunta, kwa herufi kubwa. Mzee alipokuwa anaongea nami ilikuwa juu ya kichwa changu, anaiona yeye, mimi nimeipa mgongo.

## Kauntabuku

Kesho yake nilinunua kauntabuku ya kurasa 96 nikaiweka chini ya kaunta. Nilijiwekea sheria. Kila nitakapomwambia msomaji hatuna, au akaondoka bila alichokifuata, naandika mambo manne. Neno alilolitumia yeye, kama alivyolitamka. Neno nililoandika mimi kwenye kompyuta. Nilijaribu mara ngapi. Nilikuwa najisikiaje, kwa neno moja.

Kwa nini daftari la karatasi, wakati mada yangu ni zana za mtandaoni? Nilianza kwenye simu na ikanishinda. Ukishika simu mbele ya msomaji anaona umemwacha umeenda kuchati. Ukishika kalamu anaona unaandika shida yake. Wapo waliokuja upande wangu wakasoma na kunisahihisha.

Neno la msomaji limenifundisha kuliko nilivyotarajia. Mtu haulizi kitabu cha shinikizo la damu, anauliza cha presha. Haulizi vikundi vya kuweka na kukopa, anauliza cha vikoba. Mama mmoja aliomba kitabu cha "kuandika mchanganuo", na mimi nikatafuta kila kitu isipokuwa mpango wa biashara. Mwingine aliuliza mirathi. Kwenye katalogi, mirathi inakaa chini ya Inheritance and succession.

Safu ya nne ndiyo niliyoiogopa, na ndiyo iliyonishtua. Baada ya mwezi nilikaa nikaisoma kutoka juu hadi chini. Haraka, haraka, njaa, sawa, haraka, hofu. Nikazifuata hofu moja moja. Zote zilikuwa kwenye maswali ya sheria: mirathi, talaka, mpaka wa shamba. Palipo na hofu, nilikuwa nimejaribu mara moja tu. Nilikuwa naogopa nisije nikampa mtu neno la sheria likamponza, kwa hiyo nilikuwa nasema hatuna upesi upesi na kumwelekeza kwa mwanasheria ambaye hana pesa ya kumlipa.

Hapo ndipo nilipotafuta funzo la 18. Safari hii sikusubiri mtu arushe kiungo kwenye kundi. Nilitafuta mahususi namna mkutubi anavyoweza kumwonyesha mtu sheria bila kujifanya wakili. Katika kutafuta nikaifahamu TanzLII, tovuti ambako sheria za Tanzania na hukumu za mahakama zinasomwa bure. Miaka 11 kazini, sikuwahi kuifungua. Wiki iliyofuata alikuja mama mwenye shida ya shamba la kijijini, tukaketi naye tukaifungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Nilimwambia wazi kwamba mimi sifasiri, naonyesha tu ilipoandikwa, na kwamba msaada wa kisheria wa bure upo na nitampa pa kuuulizia. Aliandika namba za vifungu kwenye kiganja chake kwanza, halafu nikampa karatasi.

Kwenye daftari sikuandika chochote kuhusu mama yule, kwa kuwa hakuondoka mikono mitupu. Niliona upungufu hapo, nikaongeza ukurasa wa nyuma kwa ajili ya waliopata.

## Uga wa 653

Habari ya umoja na wingi niliipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp, la wakutubi wa Afrika Mashariki. Niliuliza tu, wenzangu, mnatatuaje hili? Walioniambia hawajawahi kuliona ni wengi. Saa nne usiku ikaja sauti ya dada mmoja wa Mombasa, anaongea taratibu huku vyombo vinagongana jikoni kwake. Akasema, "Wewe hicho kichwa cha mada kiache kilivyo. Nenda kwenye 653, jaza maneno ya watu wako."

Kwa msomaji asiye wa fani: rekodi ya kitabu imegawanywa katika nyuga zenye namba. Uga wa 650 ni wa vichwa rasmi vya mada, na huko huandiki utakavyo. Uga wa 653 ni wa maneno ya mada yasiyofungwa na orodha yoyote. Upo kwenye mfumo siku zote. Nilishaupita mara elfu nikishuka kwenda chini ya ukurasa.

Mkuu wangu wa kazi alinisikiliza, akauliza maswali mawili, akaniruhusu. Sasa kila asubuhi kabla hatujafungua nafanya rekodi kumi. Nilianzia 630, kilimo na ufugaji. Kile kijitabu ndicho kilichokuwa cha kwanza: mzinga, mizinga, nyuki, asali, nta, ufugaji wa nyuki, mizinga ya kisasa, mizinga ya magogo. Maneno nayatoa kwenye kauntabuku kwanza, na yakikosekana huko natoa kichwani mwangu.

Kichwani mwangu ndiko kwenye tatizo. Nilipofika kwenye viazi nilijaza viazi mviringo na viazi ulaya, nikaridhika. Mwenzangu mmoja wa Zanzibar akaniuliza, na mbatata? Kumbe Kiswahili nilichokuwa nakiweka kwenye katalogi kilikuwa cha mkoa mmoja na cha mtu mmoja.

Mzee mmoja wa fani yetu, ambaye wengi kwenye kundi ni wanafunzi wake, aliandika maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi. Alisema 653 ni mlango usio na bawabu. Leo unaandika wewe, kesho anaandika mwingine kwa tahajia yake, keshokutwa katalogi ni soko. Tunachohitaji, alisema, ni orodha ya vichwa vya mada vya Kiswahili iliyokubaliwa, ili mkutubi wa Mtwara na wa Lamu waandike neno moja. Nilitafuta hoja ya kumjibu sikuipata. Naamini yuko sahihi. Naamini pia kwamba orodha hiyo haitakuwa tayari Jumatatu, na Jumatatu kuna mtu atakuja kuuliza magonjwa ya mihogo. Kwa hiyo naendelea, na kila neno ninaloliongeza naliandika pia kwenye jedwali pembeni, pamoja na tarehe, ili siku orodha ikija mtu ajue pa kuanza kusafisha.

Mpaka leo nimegusa rekodi 380 hivi. Kuna asubuhi nachoka na kujiuliza kama hii si namna nyingine ya kukusanya vyeti, kujaza jedwali ili nijione nafanya. Sina namna ya kulimaliza swali hilo. Nalipima kwa kauntabuku tu: neno likijirudia upande wa waliokosa wakati tayari nimeliingiza, basi najua sijafanya kitu.

Mwezi Mei nilishiriki pia #1Lib1Ref, ile kampeni iliyoanza 2016 Wikipedia ilipotimiza miaka 15, ambapo mkutubi anaombwa aongeze walau chanzo kimoja kwenye makala isiyo na chanzo. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Januari 15 hadi Februari 5 na Mei 15 hadi Juni 5. Nilichagua makala ya Kiswahili inayohusu nyuki. Chanzo mnakijua.

## Mabuti ya mvua

Mzee sina jina lake. Hakuwa mwanachama wetu, na mlangoni hakuandika kwenye daftari la wageni, pengine kwa sababu nilimjibu haraka kabla mlinzi hajamwita. Siku mbili za mnada nilikwenda sokoni nikazunguka kwa wauza asali nikitazama sura. Sura yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka mabuti.

Nikaenda kwa afisa nyuki wa halmashauri. Nikamweleza, mzee, mrefu kiasi, kofia, mabuti ya mvua. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, hao ndio wote."

Nikamwonyesha kijitabu. Akakifungua katikati, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, akaniuliza kama kweli kipo maktaba na kama mtu wa kijijini anaruhusiwa kukiazima. Nikamwambia anaruhusiwa, utaratibu ni barua ya mwenyekiti wa kijiji na picha moja. Akapiga picha jalada kwa simu yake. Akasema ana vikundi vya wafugaji nyuki kwenye vijiji vinane, atawaonyesha akipita.

Jumatano iliyopita alikuja mama mmoja, kanga mabegani, simu mkononi, na kwenye simu ile picha. Alikuwa ametoka mbali, nilimpa kiti. Nilimuuliza anataka kuanza na mizinga mingapi. Sita, akasema, ya magogo anayo tayari ila inamchosha. Tukajaza fomu pamoja. Nilipokuwa nagonga mhuri nikamuuliza kama kwao kuna mzee wa namna hii na hii, aliwahi kuja hapa akitafuta kitabu hiki. Akafikiri. Akataja wawili, halafu akasema mmoja wao amehamia kwa mwanawe.

Nikamwomba akimwona yule mwingine amwambie kipo.

Kijitabu kinatakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Kwenye kauntabuku, ukurasa wa kwanza una mistari 23. Kila mstari niliowahi kuutimiza, msomaji akirudi na kupata alichokosa, naupiga alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Mstari wa juu kabisa niliuandika kwa kukumbuka, wiki tano baada ya tukio: mizinga, mizinga, mara 1, haraka. Bado haujapata alama.